Almasi ya mdogo wangu na ubishi wa namna ya kuishika

Katika familia nyingi za kwetu Tanga pete ya uchumba si siri ya watu wawili. Barua ya posa ikishajibiwa vizuri, wanawake wa upande wa mume ndio wanaoibeba pete, wanaingia nayo kwa vigelegele, na mmoja wao, mama au dada mkubwa, ndiye anayemvisha binti. Kwa hiyo kila atakayekuwamo kwenye msafara ule anajiona ana kura. Kijana akinunua pete kimyakimya na kuileta tayari kwenye kiboksi cha mahameli, atasifiwa sebuleni na kusemwa jikoni.

Mdogo wangu alilijua hilo, akafanya nusu ya kazi. Alinunua almasi peke yake, bila pete, kwa mfanyabiashara mwenye leseni huko Dar es Salaam, akaniletea ikiwa kwenye kikaratasi kilichokunjwa, pamoja na cheti chake. "Dada, jiwe hili hapa," akasema. "Lililobaki ni lenu." Jiwe la mviringo, nusu karati, rangi J. Nusu karati ni gramu 0.1, na upana wake ni milimita 5 na ushei. Mama alilitazama kiganjani mwake, akauliza: "Na lingine liko wapi?"

Basi ndiyo tukaanza. Jiwe ni moja, dogo, zuri, litakaa katikati peke yake. Lishikwe vipi ili lionekane? Swali hili nimelisikia likijibiwa kwa namna moja tu kwenye maduka ya vito: linyanyue. Kucha ndefu, yaani zile ncha za dhahabu zinazolishika jiwe, jiwe juu, nuru ipite chini. Ushauri huo unauza pete nyingi na unatoa picha nzuri za simu. Mimi siukubali.

Almasi haing'ai kwa sababu nuru inapita chini yake. Nuru inaingia kwa juu, kwenye uso bapa na nyuso ndogo zinazouzunguka, inashuka mpaka kwenye kuta za chini zilizochongwa mshazari, inagonga ukuta mmoja, inagonga wa pili, inarudi juu na kulikuta jicho lako. Almasi inaipinda nuru kuliko karibu kila jiwe utakalokuta kwa sonara. Kipimo chake ni 2.42, wakati maji ni 1.33 na kioo cha dirisha ni kama 1.5. Kwa sababu hiyo mwale ukiugonga ukuta wa ndani kwa mshazari unaozidi digrii 24 na nusu hivi, hautoki nje. Unarudishwa ndani wote. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mzaliwa wa Antwerp kutoka ukoo wa wachongaji almasi, alichapisha mahesabu ya pembe zinazofaa ili nuru nyingi irudi juu badala ya kuvuja. Wachongaji wa mawe ya mviringo hadi leo wanazungukia palepale alipofika.

Kwa hiyo jiwe lililochongwa sawasawa halihitaji dirisha chini yake. Liweke juu ya gazeti, uso bapa ukiwa juu, uchungulie: ukiyaona maandishi waziwazi kupitia katikati, limechongwa bapa mno na nuru inatoboa tu. Jiwe hilo ukilinyanyua juu ya kucha ndefu umemvika mgonjwa nguo mpya ukidhani amepona. La mdogo wangu tulilijaribu hivyo mezani kwa Mama, juu ya tangazo la bei za mbolea, na hatukusoma hata herufi.

Kinachoua mng'ao, mara nyingi, ni mafuta. Almasi inayakataa maji na kuyapenda mafuta. Migodini walikuwa wakipitisha mchanga wenye maji juu ya meza zilizopakwa grisi; mawe mengine yanasombwa, almasi zinang'ang'ania. Tabia hiyo hailiachi jiwe likiwa kidoleni. Mkono unaokamua tui, unaokanda unga wa maandazi, unaojipaka mafuta ya nazi baada ya kuoga, unaiwekea almasi utando ambao maji matupu hayauondoi. Utando ukikaa kwenye zile kuta za chini, ule mpaka wa digrii 24 unapanda na kuvuka 35, na nuru iliyokuwa irudi juu inavuja. Mwenye pete anasema jiwe limechuja. Almasi haichuji. Inataka maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, basi.

Ukilielewa hilo, unaanza kuzitazama pete kwa jicho jingine kabisa. Tundu la chini ya jiwe ni la lazima, lakini ni la mswaki kabla halijawa la nuru. Pete ambayo huwezi kuingiza nywele za mswaki chini ya jiwe lake itapendeza mwezi wa kwanza, kisha itaanza kufa taratibu, na mwenyewe asijue kwa nini.

Fundi tuliyemwendea yuko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, mlango wake mwembamba hata baiskeli haikai. Ni mzee aliyemtengenezea Mama bangili kabla mimi sijazaliwa. Ana sinia la pete za fedha zisizo na mawe, ambazo anazitumia kama sampuli: unachagua umbo, yeye anatengeneza kwa dhahabu. Tulikwenda watu watatu, mimi, Mama na shangazi, na shangazi ndiye aliyekwenda na hoja zote.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leteni hilo jiwe. Lakini tukalitazame nje kwanza."

Nilimpenda kwa hilo. Maduka makubwa yana taa ndogondogo kali zilizoelekezwa kwenye kabati la vioo, na chini ya taa hizo hata zirikoni, jiwe la bandia la bei ya chipsi, inatema cheche. Taa za namna hiyo zinaonyesha ule moto wa rangi na kuficha kila kitu kingine. Nje nako kuna kosa lake. Jua la Tanga la saa sita, moja kwa moja juu ya jiwe, linaifanya almasi ionekane nyeusinyeusi yenye vidonda vya rangi, na mtu asiyejua atadhani ameuziwa kioo. Mahali pa kuamua ni kibarazani, kivulini, mbingu ikiwa wazi mbele yako lakini jua halikupigi. Hapo ndipo kidole kitakapokuwa sehemu kubwa ya maisha yake: ndani ya nyumba yenye dirisha, ndani ya daladala, kwenye mkeka. Fundi aliliweka jiwe katikati ya vidole vyake viwili vilivyokunjwa, kwenye ule mfereji wa nyama, akaligeuzageuza. Rangi yake ya kimanjano kidogo ilionekana ukilitazama ubavuni. Ukilitazama kwa juu, wala.

Rangi J maana yake ni hiyo. Vyeti vya GIA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1931, vinapanga rangi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z. J iko mwanzoni mwa safari ya kuelekea njano. Si aibu, ni bei nafuu tu. Lakini inakulazimisha uchague dhahabu kwa akili. Ukiishika J kwa kucha za dhahabu nyeupe, weupe ule unaisuta. Ukiizungushia mawe madogo meupe zaidi yake, yanaisuta mara ishirini. Ukiiweka ndani ya dhahabu ya njano, kila mtu anadhani ujoto ule unatoka kwenye dhahabu, na jiwe linaonekana jeupe. Hapo tayari nusu ya sinia la fundi lilikuwa limeshaondoka, ijapokuwa shangazi hakukubali.

Shangazi alitaka pete yenye duara la mawe madogo kulizunguka jiwe kubwa, kama taji. Aliiona kwa jirani. Siwezi kumlaumu: kwa mbali, jiwe la nusu karati likizungushiwa hivyo linaonekana la karati nzima, na kwenye shughuli watu wanatazama kwa mbali. Lakini kusema kwamba umelionyesha jiwe la katikati si kweli, umeonyesha mkusanyiko. Jicho halijui pa kutua. Halafu yale mawe madogo, mengi yake ya milimita moja na kitu, yanashikwa na vitone vya dhahabu vidogo sana. Moja likidondoka, na huwa linadondoka, utatafuta la kufanana nalo kwa ukubwa na weupe, na hapa mjini kazi hiyo haina mwenyewe. Na hina! Siku ya hina mkono wa bibi harusi unapakwa mpaka kiwiko; ukisahau kuivua pete, matope yale yanajaa katikati ya mawe na kukauka. Fundi alisema ameshachokonoa hina kwenye pete kwa sindano siku nzima. Taji nikalitoa.

Zikabaki kucha na ukingo, ule mkanda mwembamba wa dhahabu unaolizunguka jiwe pande zote.

Kucha ndizo zinazojulikana. Mwaka 1886 duka la Tiffany la New York lilitoa pete yenye kucha sita zilizolinyanyua jiwe juu ya duara la dhahabu, na tangu hapo picha ya pete ya uchumba kichwani mwa dunia nzima ni hiyo. Kabla ya hapo, Ulaya na India vilevile, mawe mengi yalizungushiwa dhahabu pande zote, na ya zamani zaidi yalizibwa hata mgongo, chini kukiwa na karatasi nyembamba ya madini ya kurudisha nuru kwa sababu uchongaji ulikuwa bado hafifu. Kwa hiyo ile kucha sita ya 1886 ilikuwa na maana yake: mawe yalikuwa yameanza kuchongwa vizuri, yangeweza kusimama peke yake.

Kucha nne au sita? Nne zinafunika kidogo na zinafaa jiwe dogo, lakini zinalifanya jiwe la mviringo lionekane kama lina pembe nne. Sita zinalinda mviringo, na kucha moja ikivunjika jiwe linabaki mahali pake mpaka utakapoona. Kati ya nne, ikitoka moja jiwe liko njiani. Ila kwenye jiwe la milimita 5, kucha sita zikiwa nene zinakula uso wote. Lazima ziwe nyembamba, na nyembamba inataka madini magumu. Hapo tukafika kwenye ugomvi wenyewe.

Mama hataki kusikia dhahabu iliyo chini ya karati 22. Dhahabu kwake ni akiba ya mwanamke kabla ya kuwa pambo. Mume akienda, nyumba ikiungua, bangili zinapimwa na kuuzwa. Kwenye dhahabu karati si uzito kama kwenye jiwe: karati 22 ni sehemu 22 za dhahabu kati ya 24. Karati 18, ambayo wengi duniani wanatengenezea pete za almasi, ni robo tatu tu ya dhahabu, iliyobaki ni fedha na shaba au madini mengine.

"Yaani robo nzima si dhahabu?" Mama akauliza.

"Robo hiyo ndiyo inayoshika jiwe, bi mkubwa," fundi akajibu. "Ishirini na mbili ni laini. Kucha ikipigwa kwenye ubao wa mlango inalala."

"Basi si pete, ni bawaba."

Kwa upande wa akiba Mama ana haki kuliko wauza vito wanavyopenda kukiri. Dhahabu yako utaiuza kesho kwa uzito kwa sonara yeyote wa mjini. Almasi ya nusu karati ukiirudisha sokoni utapewa sehemu ya ulichotoa, na ndogo. Anayenunua almasi kwa ajili ya kuweka akiba amekosea mlango. Almasi inanunuliwa ivaliwe. Lakini kama ni ya kuvaliwa, isidondoke.

Wifi yetu mtarajiwa ni muuguzi. Hili lingepaswa kutangulia mambo yote niliyoandika, kwa sababu ndilo lililoamua. Muuguzi anavaa glovu na kuzivua kutwa. Zamu nyingi ataivua pete na kuiweka kwenye mkufu ndani ya sare, inavyotakiwa. Lakini kuna siku ataisahau kidoleni, na jiwe lililosimama kwenye kucha ndefu litachana glovu mahali ambapo glovu haitakiwi kuchanika. Akitoka kazini ana udhu mara tano, na pete inayobana hutikiswa ili maji yafike chini yake. Ana nazi ya kukuna, ana chandarua cha kuchomeka chini ya godoro gizani. Ana mtandio. Pete haivaliwi na picha, inavaliwa na mkono, na mkono huu una kazi.

Nikamwambia shangazi avue mtandio wake wa shifoni. Akanitazama. Fundi alielewa kabla yake: alichukua sampuli ya kucha ndefu aliyokuwa ameibandika kioo cha mfano, akaupitisha mtandio juu yake polepole, bila kuvuta. Kwenye kucha ya tatu kitambaa kilishikwa. Aliuinua mkono, na mtandio ukainuka nao ukining'inia kwenye uzi mmoja. "Huu ni wa Dubai," shangazi akasema, akaunyakua. Kisha fundi akachukua sampuli ya ukingo, pete ambayo jiwe limezungukwa na mkanda mwembamba wa chuma pande zote, akaomba tena. Shangazi alikataa. Ikabidi atumie kanga yake mwenyewe aliyokuwa ameitandika juu ya stuli, na kanga ni nzito, haithibitishi sana. Lakini kidole changu nilikipitisha juu ya ule ukingo mara kadhaa na hakuna kilichokwaruza.

Watu wanauogopa ukingo kwa sababu wanadhani unaziba nuru. Kama nilivyosema, nuru inaingia na kutoka kwa juu, na ukingo hauzibi juu ya jiwe. Unakilalia kiuno chake tu, ule mstari mpana kabisa unaotenganisha juu na chini. Unapoteza kidogo pembeni, kweli, na jiwe ukilitazama kwa ubavu hulioni. Lakini nani anaitazama pete ya mwenzake kwa ubavu? Unachopata ni kwamba kiuno kimefunikwa. Almasi ni ngumu kuliko vyote, namba 10 kwenye kipimo cha Mohs, na bado inapasuka. Ugumu wake ni wa kutokwaruzwa. Ndani yake kuna njia nne ambazo ikigongwa kwa bahati mbaya inaachia, na kiuno chembamba ndipo mahali pa kumegeka. Kucha zinakiacha kiuno wazi karibu chote.

Tena ukingo wa dhahabu inayong'arishwa vizuri unalirefusha jiwe kwa jicho: mng'ao wa mkanda na mng'ao wa jiwe vinashikana, na ile milimita 5 inasomeka kama 6. Hicho ndicho shangazi alichokuwa anakitafuta kwenye taji lake, na hapa kinapatikana bila kijiwe cha kudondoka.

Halafu fundi akasema jambo ambalo sikulitegemea, na ndilo lililommaliza Mama. Alisema: kwenye kucha ulaini ni ugonjwa, kwenye ukingo ulaini ni dawa. Mkanda wa karati 22 unakubali kusukumwa juu ya jiwe bila kulazimishwa. Wa karati 18 unabisha, na unapobisha fundi anaongeza nguvu, na nguvu hizo zinakwenda kwenye kiuno cha almasi. Kwa hiyo ukingo ungekuwa wa 22, mduara wa kidoleni wa 18 ili usipinde, zote za njano, viungwe kwa moto. Mama alinyamaza, akauliza uzito wa ule ukingo, akaambiwa ni mdogo. "Mdogo lakini ni ishirini na mbili," akasema, na ubishi ukaishia hapo.

Nilimwomba anionyeshe kwa jiwe la mfano anavyolifunga. Mkanda unakunjwa kulizunguka jiwe na kuungwa; kwa ndani anachonga kingazi chembamba ambacho kiuno kitakikalia. Jiwe linashushwa na kutazamwa kwa lenzi kama limelala sawa. Kisha anashika chuma chenye ncha butu na kuusukuma ukingo upande wa kibla kidogo tu, anahamia suheli, yaani kusini, upande unaoukabili, anakwenda matlai, yaani mashariki, anamalizia magharibi, kabla ya kugusa pembe zilizobaki. Ukianza upande mmoja na kuzunguka, jiwe linainuka upande wa pili na halirudi tena. Mwisho anaulaza ukingo wote kwa kusugua, na ule mstari wa kukutana kwa dhahabu na jiwe unakuwa mwembamba hata kucha ya kidole haishiki.

Urefu nao una mpaka wake. Jiwe hili kutoka uso hadi ncha ya chini ni kama milimita 3, na ncha haitakiwi kugusa kidole, kwa hiyo haliwezi kulala zaidi ya hapo. Tulimwambia fundi asiongeze hata robo milimita ya fahari. Chini aache tundu pana la mviringo, la mswaki, na ubavuni mwa ukingo atoboe vidirisha viwili vidogo ili uchafu usijifiche. Pete za kubana jiwe kati ya ncha mbili za dhahabu bila kingine chochote, zile zinazofanya jiwe lionekane linaelea, alitutajia na kutukataza kwa sentensi moja.

Mdogo wangu, ambaye hadi hapo alikuwa kwenye simu tu, aliuliza kama hatuwezi kuweka kitu cha Tanga. Swali zuri. Bonde la mto Umba, kaskazini mwa mkoa wetu karibu na mpaka wa Kenya, linatoa yakuti tangu miaka ya 1960: za bluu iliyofifia, za zambarau, za rangi ya chai, nyingine zinabadilika ukizitoa kwenye jua na kuziingiza kwenye taa. Kwa ugumu ni 9, zinafuatia almasi, zinafaa pete ya kila siku kuliko tanzanaiti, ambayo ni 6 hadi 7 na inakwaruzika. Yakuti mbili ndogo za Umba, moja kila upande, rangi ya zambarau, zingeisaidia J ionekane nyeupe. Nilishawishika. Mama alisema pete imeshakuwa nzuri, msianze kuipika upya. Zikawekwa kiporo kwa ajili ya hereni.

Fundi, kwa kuwa alikuwa ameshatuona ni watu wa kusikiliza, alitukumbusha Mwadui. Kule Shinyanga, kwenye mgodi ulioanzishwa na John Williamson, Mkanada, baada ya kuvumbua almasi mwaka 1940, ilitoka almasi ya pinki ya karati 54.5. Williamson alimpa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947. Ikachongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 masonara wa Cartier wakaiweka katikati ya bruchi, pambo la kubandika kifuani, ya umbo la ua, petali zake almasi nyeupe. Shangazi alidakia: "Si mnaona? Mawe madogo kulizunguka kubwa!" Ni kweli. Lakini lile kubwa ni la karati 23 na ni la pinki, na mwenye kulivaa hakuwa na zamu ya usiku.

Kabla ya kuliacha jiwe kwa fundi yeyote, hata huyu tunayemwamini, kuna jambo moja msilipuuze. Cheti kinataja namba, na namba hiyo mara nyingi imechorwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, ndogo kiasi kwamba unahitaji lenzi ya kukuza mara 10 au zaidi na utulivu. Ukingo ukishafungwa unaweza kuifunika namba yote. Kwa hiyo isomeni pamoja na fundi jiwe likiwa wazi, lipigeni picha, lipimwe uzito, viandikwe kwenye risiti: karati ngapi, namba gani, kasoro za ndani kama cheti kinavyozichora. Ramani ya kasoro ndiyo itakayokutambulishia jiwe lako baadaye, maana hakuna mawe mawili yenye madoa yanayolingana. Na mkipimiwa jiwe kwa kile kikalamu cha joto, kinachopima jiwe linavyopitisha joto, jueni kwamba moisanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, nayo inafaulu kipimo hicho; inataka kipimo kingine, au lenzi: kingo za nyuso za chini za moisanaiti ukizitazama kwa mshazari zinaonekana mbilimbili. Fundi mwaminifu hachukii haya. Wetu ndiye aliyeleta lenzi mwenyewe.

Kilichobaki ni kidole. Dada yake binti alituibia pete yake ya zamani, tukaipima, lakini ilikuwa ya kidole cha kati, kwa hiyo ikabidi mdogo wangu aseme ukweli na binti akaja mwenyewe kupimwa jioni, kwa sababu kwa joto letu vidole vya jioni vimevimba kuliko vya alfajiri, na pete iliyopimwa asubuhi inakwama saa kumi. Alilitazama jiwe, akauliza swali moja tu: litapita ndani ya glovu? Akaambiwa litapita. Shangazi, kwa shingo upande, akamuuliza kama angependa mduara nao ujazwe mawe kuuzunguka, na fundi akadakia kwamba mduara wa mawe hauongezwi wala kupunguzwa, lakini uliobaki mtupu yeye ataukata na kuupanua wakati wowote, hata baada ya watoto wawili. Mama akamwambia aseme watatu.